Mito Iliyofichwa Chini ya Ardhi

Watoto wa Butembo huchota maji kwenye chemchemi zilizo bondeni. Kwao mvua hunyesha miezi mingi, na maji hutoka yenyewe chini ya kilima. Lakini ziko nchi ambako mtu akitaka maji sharti ayafuate ndani ya ardhi. Mojawapo ni Omani, katika Uarabuni, ambako wako watu wengi wasemao Kiswahili kwa sababu wazee wao waliishi Unguja na pwani ya Afrika. Huko Omani mvua ni haba, jua ni kali, na mawe ni mengi kuliko majani. Hata hivyo kuna mashamba ya mitende yenye kijani mwaka mzima.

Maji hayo huletwa na falaji. Falaji ni mfereji, na falaji nyingi zilizo kubwa hupita chini ya ardhi. Watu wa kale walichimba kwanza kisima kirefu karibu na mlima, mita 20 au 30 au zaidi, mpaka wakaona maji. Hicho huitwa kisima mama. Kisha walitoboa njia chini ya ardhi, kati ya kisima hicho na kijiji, mwendo wa kilomita kadhaa. Njia hiyo sharti iteremke kidogo tu. Ikiteremka sana, maji hukimbia na kuzila kuta. Isipoteremka, maji husimama. Tena walichimba mashimo mengi kutoka juu, ili wachimbaji wapate hewa, na udongo upandishwe kwa kamba. Hawakuwa na mashine yo yote. Walifanya kazi gizani, wameinama, na udongo ulio juu yao uliweza kuanguka wakati wo wote.

Wengine walipoona kazi kubwa namna hiyo hawakusadiki kwamba ni ya wanadamu. Basi hadithi ya Waomani yasema hivi: Mfalme Solomoni, mwana wa Daudi, alichukuliwa na upepo akashuka Omani, mahali paitwapo Salut. Akakaa siku kumi, na kila siku akawaamuru majini wachimbe falaji 1,000. Kwa hiyo hata leo falaji za chini ya ardhi huitwa za Daudi. Biblia yasifu hekima ya Solomoni, lakini haisemi po pote kwamba alifika Omani.

Mahali penyewe, Salut, papo kweli. Ni magofu ya ngome juu ya kilima, karibu na mji wa Bahla. Tangu mwaka 2004 wataalamu kutoka Italia wamechimba hapo, wakaona kwamba ngome ilijengwa karne nyingi kabla ya kuzaliwa Kristo. Walikuta kuta na vyungu, vitu vya watu. Majini hawana haja ya vyungu.

Jambo moja hushangaza zaidi. Pengine falaji hukutana na bonde la mto mkavu. Hapo maji hutumbukia katika shimo upande mmja wa bonde, hupita chini yake, na kupanda tena upande wa pili. Je, maji hupanda mlima? Sivyo. Chukueni mpira wa maji, mwupinde kama herufi U, mtie maji upande mmoja. Yatapanda upande wa pili mpaka yalingane na yale ya kwanza, wala hayatazidi.

Maji yakifika kijijini, watu huchota kwanza ya kunywa. Yanayobaki huenda mashambani kwa zamu. Zamu ya nusu saa huitwa athari. Zamani waliipima mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na usiku kwa nyota. Mwenye zamu ya usiku sharti aamke, la sivyo maji humpita.

Hesabu ya mwaka 1997 ilionyesha falaji zaidi ya 4,000 katika Omani, nazo 3,000 hivi zilikuwa na maji. Nyingine zimekauka. Pengine njia ilibomoka, na watu hawakushuka kuisafisha. Pengine wenye mashine za kuvuta maji walichimba visima virefu jirani, na maji ya kisima mama yakashuka chini ya njia yake. Mitende ikafa, watu wakahama, nyumba za udongo zikabaki bila paa. Juu ya ardhi yanaonekana tu mashimo yale ya wachimbaji, yamefuatana mstari mmoja kuelekea mlimani.