Simulesheni Si Kujiangusha

Ikitangazwa darasani kwamba wiki ijayo kuna simulesheni, nusu ya watu hucheka. "Haya, tukaigize," mtu atasema. Hapo ndipo neno linapotuponyoka, maana kwetu kuigiza ni mambo ya jukwaani, au ni kumfanyia mtu maskhara.

Neno hili la Kiingereza lina asili ya Kilatini, simulare, yaani kukifanya kitu kifanane na kingine. Tangu zamani lina harufu ya udanganyifu: kujitia mgonjwa, kujitia huzuni. Maana hiyo ingali hai. Mpenzi wa mpira anaijua, kwani mchezaji anayejiangusha bila kuguswa hupewa kadi ya njano, na sheria za mpira zinaliita kosa hilo simulesheni.

Maana ya pili ilipata nguvu karne ya 20. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza mashine ya kufundishia urubani. Mwanafunzi anakaa ndani, anaendesha, mashine inayumba lakini haipai. Siku hizi kazi kama hiyo hufanywa na kompyuta. Hata utabiri wa hali ya hewa tunaousikia redioni hutokana na hesabu zinazoiga mwenendo wa hewa na bahari. Hapa hapana anayedanganywa. Kila mtu anajua kitu si chenyewe, ila kinafuata kanuni za chenyewe, na ukikosea kinakuonesha umekosea.

Watu wa Makunduchi wanalijua hili bila Kilatini. Kila Julai, kwenye Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hutandikana kwa mabua ya migomba. Ni vita vya kuigiza, lakini pigo linauma, na ndiyo nafasi ya kutoa vinyongo vya mwaka mzima. Kisha kibanda cha makuti kinatiwa moto, na moto ule ni moto.

Sasa sisi wa ualimu. Maikrotichingi ilianza Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963, kwa Dwight Allen na wenzake: somo la dakika chache, wanafunzi wachache, unakosolewa, unarudia. Lakini wale waliletewa wanafunzi halisi wa sekondari, tena wakilipwa. Sisi tunafundishana wenyewe kwa wenyewe. Mie nilifundisha kupwa na kujaa kwa maji. Nikauliza kinachoyavuta maji ni nini, mikono yote juu: "Mwezi!" Walinibeba, kwa sababu kesho yake ilikuwa zamu yangu kuwabeba wao. Alama zilikuwa nzuri.

Mazoezi ya kufundisha yalipofika, nikawa skuli moja ya pwani, Kidato cha Pili, na somo lile lile. Nikauliza kwa Kiingereza, kimya. Nikarudia kwa Kiswahili, na msichana mmoja, ambaye mama yake analima mwani na bamvua anaijua kuliko mimi, akaniuliza yeye: "Mwalimu, mwezi si mmoja? Mbona maji yanajaa mara mbili kwa siku?"

Nikageukia ubao, nikafuta kitu ambacho hakikuhitaji kufutwa. (Jibu nilimpelekea siku ya pili: mwezi huyavuta maji ya upande wake kuliko unavyoivuta dunia, na dunia huivuta kuliko maji ya upande wa nyuma, kwa hiyo bahari huvimba pande zote mbili.)

Basi tulichofanya chuoni kilikuwa simulesheni ya maana ile ya kwanza. Tulijiangusha, na refa hakutoa kadi.

Muhula huu kundi letu limekubaliana: wawili wasijibu kitu ambacho hawajafundishwa pale pale, mmoja asielewe Kiingereza, mwengine aulize maswali wanayomuuliza wadogo zake nyumbani. Wiki iliyopita nilianza mimi. Somo la dakika kumi lilinivunjikia dakika ya nne, na hakuna aliyecheka.