Zinki Inavyolinda Paa la Bati

Kipande cha zinki kikitumbukizwa katika asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, mapovu ya gesi ya haidrojeni huanza kupanda, ilhali shaba katika asidi hiyo hiyo hukaa bila badiliko lolote. Tofauti hiyo hutokana na wepesi wa metali kuachia elektroni zake: kila atomi ya zinki hutoa elektroni 2, tendo liitwalo uoksidishaji, na ioni za haidrojeni huzipokea, tendo liitwalo upunguzaji, nayo matendo hayo hayatengani kamwe, kwa kuwa elektroni zilizotolewa sharti zipate pa kupokewa.

Kanuni hiyo ndiyo inayolinda paa la bati, ambalo kwa kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Rangi ya kawaida ikikwaruzwa, kutu hupenya chini yake. Lakini zinki, kwa kuwa hutenda upesi kuliko chuma, huliwa yenyewe kwanza huku ikikipa chuma elektroni zake, hata pale mkwaruzo mdogo ulipokiacha wazi. Ulinzi huu wa ajabu hudumu tu muda wote zinki ikiwapo, na ndiyo sababu katika miji ya pwani kama Mombasa, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi inayoharakisha kuliwa kwa zinki, mabati huota kutu mapema zaidi kuliko bara.