Sura ya Sita: Fisi Tuliyemtunga Wenyewe

Mpango wa sura hii ulikuwa mwepesi: bundi, popo, kisha fisi, kila mmoja na kurasa zake, tuone jinsi binadamu anavyowabebesha wanyama mambo yake mwenyewe. Bundi hatatupotezea muda. Anatua juu ya paa kwa sababu darini mna panya. Ukitaka ahame, safisha ghala. Popo wengi hula wadudu au matunda, mengine ni vitisho vya kulazia watoto. Fisi ndiye aliyenilia kurasa zote, maana hakuna mnyama anayesimuliwa kwa uhakika mkubwa hivyo na watu ambao hawajawahi kukaa wakamtazama.

Kwanza, uvivu. Eti fisi hawindi, hungoja makombo ya simba. Mholanzi Hans Kruuk alifanya utafiti Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, akawafuata fisi usiku wa mbalamwezi badala ya kuwangojea mchana. Aliwaona wakimkimbiza nyumbu hadi pumzi zinamwishia, kisha wakimwangusha. Kule Ngorongoro, mara nyingi simba ndiye aliyesikia kelele za karamu, akaja na kuwapora. Kulipokucha, watalii walimkuta simba juu ya mzoga na fisi wamekaa kando, midomo ina damu, wakapiga picha na kuhitimisha kinyume. Kitabu cha Kruuk kilitoka mwaka 1972. Bado naambiwa habari za makombo. Mizoga fisi anakula, ndiyo, na simba naye anakula.

Pili, kwamba fisi ni huntha, mwaka huu dume, mwakani jike. Aristotle alishalikanusha hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ingawa yeye alimzungumzia fisi miraba. Kwa fisi madoa kosa linaeleweka, na hapa mtaniwia radhi nikikaa kidogo. Fisi jike ana kinembe kilichorefuka hadi kufanana na uume, nacho husimama vilevile. Mashavu ya uke yameungana na kutuna. Kwa mbali utaapa ni korodani. Njia ni hiyohiyo moja: ya kukojoa, ya kupandwa, ya kuzalia. Uzazi wa kwanza huichana, na watoto wengi wa mimba ya kwanza hufa kabla hawajatoka. Wanaopona huzaliwa macho wazi na meno tayari, na ugomvi wa pacha na pacha huanza palepale.

Sasa tazama tunavyolitumia jina lake. Mwanamume mwenye tamaa ya wanawake huitwa fisi, hasa Kenya. Dume la fisi lingeshangaa. Kwa maumbile yale halimwezi jike kwa nguvu; jike asipotulia na kukirudisha kiungo chake ndani, hakuna linalofanyika. Dume linalochumbia hukaribia kichwa chini, hatua mbili mbele, moja nyuma, miguu tayari kukimbia. Tena huwa limehama ukoo wa mama yake na kuingia ugenini kama mtu wa chini kabisa, chini ya majike na chini ya watoto wao, likingoja zamu kwa miaka.

Masai Mara, mtafiti Kay Holekamp na wenzake wamewafuatilia fisi tangu 1988, mama, binti, mjukuu. Walichokiona ni kwamba cheo hurithiwa kwa mama. Mtoto wa jike mkuu humwondoa kwenye nyama mtu mzima mwenye uzito unaozidi wake mara kadhaa, na mtu mzima huyo huondoka, kwa kuwa anajua ni jamaa gani watakaofika akimgusa mtoto. Mdogo wa kike humpita dada yake kwa cheo, maana mama humtetea aliye mchanga. Wanaotafuta kioo cha binadamu hukimbilia kwa sokwe. Mimi ningewapeleka kwanza kwenye shimo la fisi.

Kuhusu wachawi wanaopanda fisi usiku, subira yangu ni fupi. Mapema mwaka 2025 zilienea habari kutoka Simiyu za fisi aliyeuawa akiwa na jina la mtu mwilini. Sawa, jina lilikuwepo. Maandishi ni kazi ya mkono wa mtu, na fisi humzoea anayemlisha. Harar, Ethiopia, wapo wanaume wanaowaita fisi wa porini kwa majina kila jioni na kuwapa nyama kwa kijiti walichokiuma kwa meno, watalii wakilipa kutazama. Fisi anayeua mbuzi na kujeruhi watoto ni hatari ya kweli, nayo ina kazi zake: zizi la miiba lililo imara, mizoga na mabaki ya machinjio yafukiwe mbali na nyumba, askari wa wanyamapori waitwe siku hiyohiyo, na mtoto asitumwe kisimani peke yake kabla hakujapambazuka.