Bandari ya Kisumu imeamka, jioni yake je?

MJI wowote wa bandari una saa yake ya kupendeza. Mjini Kisumu, saa hiyo huanza mwendo wa saa kumi na mbili unusu, jua linapozama upande wa Ghuba ya Winam. Na kwa kuwa mji huo uko karibu kabisa na ikweta, saa yenyewe haibadiliki sana kutoka Januari hadi Desemba.

Mkazi wa Pap Onditi, katika eneo la Nyakach, hupitia Katito na Ahero kuja mjini. Akimaliza shughuli zake mapema, hupenda kutembea kidogo, kula samaki na kulitazama ziwa kabla ya kuanza safari ya kurudi nyumbani. Swali linalozuka ni iwapo sehemu kongwe zaidi ya mji, yaani ile ya reli, gati na maghala, ingali na nafasi kwa mtu kama huyo baada ya kufufuliwa kwa mabilioni ya pesa.

Ili kulijibu swali hili, yafaa kwanza kuelewa ni kwa nini maghala yalijengwa mahali hapo.

Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa mnamo Desemba 1901. Kituo hicho kilipewa jina la Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mkewe mhandisi Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli. Mwaka mmoja kabla ya hapo, meli ya William Mackinnon, iliyosafirishwa vipande vipande kutoka Uingereza, ilikuwa imeunganishwa Kisumu na kushushwa majini.

Hivyo basi Kisumu ikawa mahali ambapo mzigo ulibadilisha chombo. Pamba na ngozi kutoka Uganda zilifika kwa meli zikangoja behewa, nazo bidhaa za madukani zilifika kwa reli zikangoja meli. Kungoja huko ndiko kulikozaa maghala, ambayo wengi huyaita magodauni.

Pamoja na maghala walikuja wafanyabiashara wa asili ya Kihindi, akiwemo Alidina Visram, ambaye maduka yake yalifuata njia ya reli hadi Uganda. Kumbukumbu ya enzi hiyo ingalipo katika barabara ya Oginga Odinga. Ni mnara wa saa uliozinduliwa mwaka wa 1938, ambao wana wa mfanyabiashara Kassim Lakha waliujenga kumkumbuka baba yao.

Hata hivyo, neema hiyo haikudumu. Mwaka wa 1931 reli iliyopitia Nakuru na Eldoret ilifika Kampala, na mzigo wa Uganda haukuhitaji tena kuvuka ziwa. Bandari ilipata nguvu mpya miaka ya 1960, ilipoletwa feri ya MV Uhuru iliyobeba mabehewa ya treni hadi Mwanza na Port Bell. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka wa 1977.

Kana kwamba hayo hayakutosha, miaka ya 1990 gugumaji lilitanda ghubani na kuzifungia meli njia. Baadaye MV Uhuru nayo iliegeshwa kwa miaka mingi.

Gati lilipokimya, wengine walikuja kulichangamsha eneo hilo. Ukingoni mwa ziwa, karibu na bandari, palichipuka vibanda vya Lwang'ni. Jina hilo kwa Kijaluo maana yake ni nzi, na yeyote aliyewahi kuona mahali panapopasuliwa samaki hahitaji kuelezwa sababu. Ngege na mbuta walikaangwa mbele ya mteja, wakaandaliwa kwa ugali na mboga za kienyeji. Afisa wa benki alinawa mikono kando ya mwendeshaji bodaboda.

Kwa maneno mengine, mtaa wa bandari ulifufuliwa kwa mara ya kwanza na akina mama wenye makaango, kabla ya serikali kuleta mitambo.

Ufufuaji rasmi ulifuata. Jeti ya mafuta ilikamilika mwaka wa 2018. Mwaka wa 2019 bandari ilianza kukarabatiwa, na MV Uhuru ikarejea majini kupeleka mafuta Port Bell. Treni ya abiria kutoka Nairobi ilirudi Kisumu Desemba 2021. Mwaka wa 2023 ilizinduliwa MV Uhuru II, meli yenye urefu wa mita 100 iliyoundwa papo hapo Kisumu.

Haya ni mafanikio ambayo hakuna awezaye kuyapuuza. Lakini katika mwaka uo huo wa 2019, vibanda vya Lwang'ni vilibomolewa ili kuipisha kazi ya bandari. Wapishi, wapasuaji samaki na waosha magari walijikuta bila mahali pa kutafutia riziki, na mji ukapoteza meza ambako tajiri na maskini walikutana.

Je, ilikuwa lazima? Visiwani Zanzibar kuna mfano unaofaa kutazamwa. Forodhani, kama jina linavyoonyesha, ni mahali palipokuwa pa ushuru na mizigo. Bustani yake ilikarabatiwa na shirika la Aga Khan la utamaduni na kufunguliwa upya mwaka wa 2009. Wauzaji wa pweza, mishikaki na maji ya miwa walirudi humo wakiwa wamepangwa vizuri zaidi, na leo wageni hufika Forodhani jioni kwa sababu ya wauzaji hao.

Mfano wa pili ni Cape Town, Afrika Kusini. Ghala la nafaka lililokamilika mwaka wa 1924 liligeuzwa kuwa jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka wa 2017, ilhali bandari iliyo kando yake ingali inafanya kazi. Nalo jiji la Liverpool, Uingereza, linatoa onyo. Maghala yake ya Albert Dock yaliokolewa na kufunguliwa kwa umma mwaka wa 1988, lakini ujenzi mpya uliozidi kiasi katika eneo la bandari ulichangia jiji hilo kuondolewa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2021.

Funzo ni kwamba kufufua bandari na kufufua mtaa wa bandari ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza huhitaji kina cha maji, kreni na ulinzi. Ya pili huhitaji majengo ya kale yasibomolewe, njia iliyo wazi ya kufika majini, taa, vyoo, maji safi, na wafanyabiashara wadogo wenye haki inayotambuliwa ya kuwapo hapo. Bila ya hayo, ukuta wa bandari huwa mpaka baina ya mji na ziwa lake.

Kwa anayetaka kujionea mwenyewe, jioni ingalipo. Aanzie kwenye mnara wa saa, ateremke polepole barabara ya Oginga Odinga huku akitazama maduka ya kale ya Wahindi, kisha aelekee kusini hadi ufuo wa Dunga, ambako wavuvi huegesha mashua na samaki huliwa karibu na maji. Bandari yenyewe ni eneo la ulinzi, hivyo asijaribu kupiga picha bila idhini.

Naye msafiri wa Pap Onditi na akumbuke kwamba jioni yake ina kikomo, kwani matatu hupungua kadiri usiku unavyoingia. Hilo pia ni sehemu ya mpango wa mji. Mtaa wa ziwani ukiwa na mataa lakini hauna usafiri wa kurudi mashambani, utakuwa wa wenye magari pekee. Na Kisumu, ambayo jina lake huhusishwa na neno la Kijaluo la mahali watu walikoendea kubadilishana chakula, haikuanzishwa kwa ajili ya hao peke yao.