Robo ya Milimita: Kwa Nini Ukulele Inakoroma

Kwenye ukulele ya soprano, iliyo maarufu kwa wanaoanza, uzi una urefu wa sentimita 35 hivi kutoka kichwani hadi darajani. Ukiubonyeza kwenye freti ya kwanza, chuma cha kwanza kati ya vile vinavyokingama shingoni, nafasi inayobaki kati ya uzi huo na freti ya pili ni kama robo ya milimita, yaani unene wa karatasi mbili tatu za daftari. Katika nafasi hiyo uzi unatakiwa utikisike mamia ya mara kwa sekunde bila kugusa chuma. Ukigusa, unakoroma. Wengi wanaojifunza wakiusikia mkoromo huo hudhani hawana kipaji, na ukulele inaishia juu ya kabati. Inasikitisha, kwa sababu mkoromo ni taarifa. Unasema ni wapi hasa nafasi imekosekana, na mtu mwenye subira anaweza kupafuata mpaka akapapata.

Uzi wa A hutikisika mara 440 kwa sekunde, wa C mara 262 hivi. Uzi ukiwa umelegea hupepea kwa upana zaidi, na nyuzi za ukulele, ziwe za nailoni au za florokaboni, hukazwa kidogo sana zikilinganishwa na nyuzi za chuma za gitaa. Uzi wa C ndio mnene kuliko wote na wenye sauti ya chini kuliko wote, na ndio hulalamika mara nyingi zaidi. Uzi unapogonga freti, mwendo wake hukatizwa ghafla, na sehemu ya nguvu yake hugeuka mitikisiko midogomidogo ya kasi, maelfu kwa sekunde. Sikio la binadamu ni jepesi mno kwa sauti za mitikisiko 2,000 hadi 5,000 kwa sekunde. Basi mguso ambao jicho haliwezi kuuona, sikio huunasa papo hapo.

Kuna wanamuziki wanaoutafuta mlio huu kwa makusudi. Likembe ya Kongo na Uganda huvishwa vipete vyembamba kwenye vyuma vyake ili sauti iwe na mkwaruzo. Tanpura ya India ina daraja pana lenye mgongo uliopinda kidogo, na chini ya kila uzi hupitishwa kijiuzi cha pamba. Mpigaji hukisogeza kidogokidogo mpaka uzi uliguse daraja kwa kiasi anachokitaka. Mwanafizikia C. V. Raman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1930, alichapisha uchunguzi wa ala za nyuzi za India mwaka 1921. Alionyesha kwamba mguso huo huzaa sauti za juu ambazo, kwa kanuni iliyokuwa ikikubalika, hazikupaswa kusikika kabisa. Fizikia ya tanpura ndiyo hiyohiyo ya ukulele inayokoroma, ila kwenye ukulele hakuna aliyeuomba mguso huo.

Ukulele ilizaliwa mikononi mwa maseremala. Agosti 1879 meli ya Ravenscrag iliteremsha Honolulu wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira, wakiwamo Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, mafundi wa samani. Waliunda ala ndogo iliyofuata machete, gitaa dogo la kwao. Fundi wa namna hiyo alirekebisha kimo cha nyuzi kwa mkono, ala moja baada ya nyingine. Ukulele nyingi za bei nafuu leo hutoka kiwandani zikiwa na nyuzi zilizoinuliwa kupita kiasi, kwa kuwa uzi wa juu haukoromi. Vidole vinaumia, mwenyewe anaomba zishushwe, zinashushwa mno, na hapo mkoromo unaanza.

Kabla ya kugusa chochote, tuni nyuzi mpaka kwenye sauti zake. Nailoni mpya huendelea kunyumbuka kwa siku kadhaa, na uzi uliolegea utakoroma hata kwenye ala isiyo na kasoro. Halafu tazama kidole. Mahali pake ni nyuma ya freti, karibu kabisa na chuma, upande wa kichwani. Ukibonyeza katikati ya nafasi, uzi huikalia freti kwa ulegevu na kurukaruka juu yake. Lakini mwalimu anayemwambia mtoto kwamba vidole vyake ni dhaifu kabla hajaichunguza ukulele yenyewe anamwonea.

Sasa sikiliza. Mkoromo ukiwa kwenye freti moja tu, shuku freti inayofuata. Chukua kitu kifupi kilichonyooka, kinachofika freti tatu tu, ukisimamishe juu yake. Kikiyumba, ya katikati imeinuka. Uzi ukikoroma shingo nzima, huenda nyuzi zimeshuka zote. Mbao husinyaa hewa inapokuwa kavu, ubao wa mbele ukazama kidogo pamoja na daraja, kwa hiyo ukulele iliyozoea unyevu wa Tanga inaweza kubadilika ikipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi.

Wakati mwingine freti hazihusiki kabisa. Piga A ya uzi mtupu, kisha piga A hiyohiyo kwenye freti ya tano ya uzi wa E. Zote mbili zikikoroma sawasawa, kuna kitu kilicholegea kinachoitikia sauti hiyo: skrubu ya funguo za kukazia, ncha ya uzi inayogusa ubao karibu na daraja, au kipande cha mbao kilichobanduka ndani. Mwombe mwenzako akandamize sehemu moja moja huku ukipiga, mpaka mlio ukatike.

Mkoromo ukisikika uzi ukiwa mtupu na kutoweka ukibonyeza freti yoyote, tatizo liko kwenye kile kipande cha plastiki au mfupa kilicho kichwani, chenye mifereji minne. Mfereji umechimbika mno. Weka ukanda mwembamba wa karatasi chini ya uzi, ndani ya mfereji; mkoromo ukikoma, umempata mkosaji. Mafundi huujaza mfereji kwa magadi ya kuokea na tone la supaglu, mchanganyiko unaoganda mara moja na kuwa mgumu, kisha huuchonga upya kwa tupa nyembamba. Fanya kidogokidogo, maana kilichochongwa hakirudi. Kila hatua rudisha uzi, utuni, upige. Ukiacha kukoroma, na freti ya kwanza ikibonyezeka bila kuumiza kidole, weka tupa chini.