Je, Wajua? Kurudia mara nyingi si dawa ya kipande kigumu

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wapiga piano 17. Kila mmoja alifanya mazoezi ya kipande kigumu cha vipimo vitatu tu, kutoka Konseto ya Kwanza ya Piano ya Dmitri Shostakovich. Kesho yake walikipiga tena.

Waliong'ara hawakuwa wale waliokaa kwenye piano muda mrefu zaidi, wala waliorudia mara nyingi zaidi. Siri yao ilikuwa namna walivyolikabili kosa: walitambua mahali hasa palipoharibika, wakapunguza mwendo, wakapashughulikia papo hapo hadi pakanyooka, ndipo wakasonga mbele.

Vidole hujifunza kile unachovizoesha. Ukirudia kosa, nalo hukomaa. Kwa hiyo noti ikikuteleza, usikimbilie kuanza wimbo upya. Chukua noti mbili za kabla yake na mbili za baada yake, uzipige polepole mpaka zitoke safi mara kadhaa mfululizo, kisha uongeze mwendo kidogo kidogo. Haraka haraka haina baraka, hata kwenye muziki.