Usiulaumu mshumaa wa nta, chunga utambi wake

MNAMO Juni 7, 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikatumbukia gizani. Miaka saba baadaye, usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulipotea tena karibu kote nchini, na wapo waliolala na kuamka bila taa.

Nyakati kama hizo ndipo kila mmoja hupapasa kabatini akitafuta kiberiti na mshumaa. Aghalabu mshumaa unaopatikana ni ule mweupe wa dukani, uliotengenezwa kwa parafini itokanayo na mafuta ya petroli.

Hata hivyo, kuna mshumaa wa aina nyingine ambao huuzwa na warina asali na katika baadhi ya maduka. Huu ni wa rangi ya manjano au kahawia, hunukia asali hata kabla ya kuwashwa, na hutengenezwa kwa nta halisi ya nyuki. Bei yake huwa mara kadhaa ya bei ya ule mweupe, na kwa sababu hiyo malalamishi ya wanunuzi hayakosi. Mara mshumaa umetoboka katikati, mara umezimika wenyewe, mara unafuka moshi, mara umeota ukungu kama mkate uliolala.

Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa waliolalamika. Alinunua mshumaa mnene kama mkebe wa maziwa ya unga kutoka kwa mama mmoja anayeuza asali kando ya barabara. Kufikia usiku wa tatu, mshumaa ulikuwa umechimba shimo katikati na mwali ukazama ndani yake kama ndoo kisimani. Aliurudisha kwa muuzaji akiwa amefura.

Mama yule aliugeuza mshumaa mara moja, kisha akauliza maswali matatu. "Mzee, siku ya kwanza uliuacha ukiwaka kwa muda gani? Utambi uliukata lini? Na ulikuwa umeuweka wapi?"

Majibu yalikuwa ya aibu. Uliwaka dakika 20 tu, utambi haukuwahi kukatwa, na ulikuwa umewekwa dirishani. "Basi mshumaa hauna kosa," akasema mama, akaendelea kupanga chupa zake za asali.

Mama huyo alisema kweli. Kasoro nyingi zinazohusishwa na mishumaa ya nta hutokana na namna inavyowashwa. Ili kuelewa kwa nini, yafaa tujue kwanza nta yenyewe ni kitu gani.

Jasho la nyuki

Nta hutoka mwilini mwa nyuki vibarua wakiwa bado wachanga, kupitia jozi nne za tezi zilizo upande wa chini wa tumbo. Hutoka kama vigamba vyembamba ambavyo nyuki huvitafuna hadi vilainike, kisha huvijengea masega. Wataalamu hukadiria kwamba nyuki hutumia kilo 6 hadi 8 za asali ili kutoa kilo 1 ya nta. Msomaji akishangaa kwa nini mshumaa huu ni ghali, hesabu ndiyo hiyo.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi, ambalo kwa kawaida ni juu kuliko joto linaloyeyusha parafini ya mishumaa ya nyumbani. Isitoshe, ikishayeyuka huwa nzito na hupanda kwenye utambi polepole. Sifa hizi ndizo zinazoufanya mshumaa wa nta uwake kwa muda mrefu bila kudondoka ovyo. Lakini ni sifa hizo hizo zinazoufanya udai uangalizi ambao ule wa parafini haudai.

Wengi hudhani kwamba kinachowaka katika mshumaa ni utambi. La hasha! Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alilieleza jambo hili katika mihadhara sita aliyowapa vijana jijini London wakati wa Krismasi ya mwaka wa 1860 na mwanzoni mwa 1861. Joto la mwali huyeyusha nta. Nta hiyo hupanda kupitia nyuzi za utambi, kama vile maji yanavyopanda kwenye leso ambayo ncha yake imetumbukizwa katika beseni. Ikifika juu hugeuka kuwa mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka.

Kwa hivyo, mshumaa ni taa inayojiundia mafuta yake yenyewe. Mambo matatu yakiwa sawa, yaani utambi, hewa na muda, taa hiyo itawaka bila matata. Moja likienda mrama, yote huharibika.

Siku ya kwanza

Kosa kubwa zaidi hutendeka siku ya kwanza. Mtu huuwasha mshumaa mnene kwa dakika chache, akauzima stima inaporejea. Katika muda huo nta huwa imeyeyuka karibu na utambi tu. Siku inayofuata mwali hufuata njia ile ile, kwa kuwa pale ndipo nta ni laini, na kingo hubaki zimesimama kama ukuta. Shimo huzidi kuwa refu hadi mwali unakosa hewa na kuzama katika nta.

Kanuni ni rahisi. Kwa kila sentimita 2.5 za upana wa mshumaa, uache uwake kwa muda wa saa 1. Mshumaa wenye upana wa sentimita 7.5 unahitaji takriban saa 3, ili nta iyeyuke hadi karibu na ukingo. Hata hivyo, usiuache uwake mfululizo kwa zaidi ya saa 4. Uzime, upoe kabisa, ukate utambi, ndipo uuwashe tena.

Ikiwa shimo limekwisha kujitokeza, usiutupe. Zungushia sehemu ya juu karatasi ya foili ile inayotumiwa jikoni, ukiacha uwazi katikati ili hewa ipite. Joto litarudishwa kwenye kingo nazo zitayeyuka. Baada ya kuzima, kingo zikiwa zingali vuguvugu, unaweza pia kuzisukuma kwa vidole taratibu kuelekea katikati.

Mshumaa mwembamba wa kusimamishwa kwenye kinara hauna shida hii. Wenyewe unachotaka ni kusimama wima. Ukiinama hata kidogo, upande mmoja huyeyuka mbele ya mwingine na nta humwagika.

Utambi na upepo

Kabla ya kuuwasha mshumaa kila mara, kata utambi ubaki na urefu wa milimita 6 hivi, karibu sawa na unene wa penseli. Utambi mrefu huvuta nta nyingi kuliko ile ambayo hewa iliyopo inaweza kuiteketeza. Kinachosalia ni chembechembe za kaboni, ambazo ndizo masizi yanayochafua ukuta na dari. Utambi mfupi kupita kiasi nao hutoa mwali dhaifu unaozama. Viondoe vipande ulivyokata, kwani vikiachwa ndani ya nta vinaweza kushika moto.

Ni sharti tuwe waadilifu pia. Kwa kuwa nta ya nyuki ni nzito, huhitaji utambi wa pamba ulio mnene kuliko ule wa mshumaa wa parafini wenye upana sawa. Fundi akitia utambi mwembamba, mshumaa utazama hata ukitunzwa vipi. Hapo lawama ni ya fundi.

Kuhusu hewa, mahali panapofaa ni pale pasipo na upepo wa dirisha, mlango au feni. Mwali unaoyumbayumba hauchomi vizuri. Hutoa moshi na kuyeyusha upande mmoja. Ukiona mwali unacheza ilhali hujaugusa, usiulaumu mshumaa, uhamishe.

Katika kuuzima, wengi hupuliza. Kupuliza hurusha nta moto na kuacha harufu ya moshi. Njia bora ni kuuinamisha utambi kwa kijiti cha chuma hadi uzame katika nta iliyoyeyuka, kisha kuuinua mara moja usimame wima. Moshi hautatoka, na utambi uliopakwa nta utawaka upesi siku ya pili.

Ule unaoitwa ukungu

Vumbi jeupe linalotokea juu ya mshumaa uliokaa kwa wiki kadhaa si ukungu wala si dalili ya kuoza. Ni sehemu ya nta yenyewe iliyojitokeza juu. Lipanguse kwa kitambaa laini au liache jinsi lilivyo. Kwa kweli ni dalili njema, kwa kuwa parafini tupu haina desturi ya kutoa vumbi kama hilo.

Hilo ni jambo la kuzingatia kwa sababu mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wapo wanaochanganya nta na parafini, wakaipaka rangi na kuitia manukato. Rangi peke yake si ithibati, kwani nta halisi inaweza kuwa kahawia, manjano au hata nyeupe ikianikwa juani. Vunja kipande kidogo kilicho baridi. Nta halisi huvunjika kwa chengachenga zisizong'aa. Njia ya uhakika zaidi ni kununua kwa mtu unayeijua mizinga yake.

Vilevile, usihadaiwe na wanaodai kwamba mshumaa wa nta husafisha hewa ya nyumba au kutibu pumu. Hakuna ithibati ya kisayansi ya madai hayo. Mwali wowote hutumia oksijeni na kutoa kaboni dayoksidi na chembechembe za masizi, hata kama ni chache.

Tahadhari ni zile zile kwa mshumaa wowote. Uweke juu ya kisahani kisichoungua, mbali na pazia, neti na matandiko, na usilale kabla ya kuuzima. Nta ikishika moto, kamwe usimwage maji, kwani italipuka na kuruka. Ufunike moto huo kwa kifuniko cha sufuria au kwa mchanga. Mishumaa isiyotumika ifunge kwa karatasi na kuilaza mahali penye baridi, mbali na jua, isije ikapinda.

Mwisho, usitupe mabaki. Yayeyushe katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, na utapata mshumaa mwingine mdogo.

Ushauri huo unawahusu wafugaji nyuki pia. Katika mizinga ya kienyeji ya magogo, ambapo masega hukatwa wakati wa kurina, hukadiriwa kwamba karibu kilo 1 ya nta hupatikana kwa kila kilo 10 za asali. Wapo wafugaji wanaokamua asali na kuyatupa masega kwa sababu hawana wa kumuuzia nta. Mnunuzi anayeuchoma mshumaa vibaya, akakata tamaa na kurudi kwenye ule mweupe wa dukani, humwondolea mfugaji sababu ya kuyaokota masega hayo.

Mwandishi wa makala haya alirudi nyumbani na mshumaa wake, akauzungushia foili na kuukata utambi. Uliwaka hadi chini.